Barua zenu: Kiharusi kikimkuta mgonjwa wa mashine ya figo

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Baba yangu ana miaka 63 na huu ni mwaka wa 4 anasafishwa damu, mara 3 kwa wiki. Fistula yake, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, iko mkono wa kushoto. Siku moja ya mashine aliwekwa saa 1 asubuhi akatolewa saa 5. Tukarudi nyumbani, akala, tukaongea mpaka saa 7:30 mchana, nikamwacha amejinyoosha kochini. Nilipopita tena saa 8 na robo nilimkuta mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Ananitazama, lakini maneno hayatoki. Hospitali tulifika saa 9 na nusu. Saa 10 wakampiga CT, picha ya kichwa, wakasema hakuna damu iliyovuja kichwani. Presha ilisoma 210 kwa 118. Kaka yangu akauliza habari za dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Daktari kijana akamjibu, "Huyu ni wa figo, hiyo dawa haruhusiwi." Tukanyamaza.

Leo baba anatembea na fimbo, ila mkono wa kulia haufungi hata kifungo na maneno yanamtoka moja moja. Juzi kliniki, daktari wake wa figo alisema kwa kupitia tu, "Angeweza kupewa." Tangu hapo silali. Nani mkweli? Na kosa ni langu kwa kuchelewa kumchungulia?
Binti wa kwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Hukuchelewa. Ulimwona mzima saa 7:30 na unaikumbuka saa hiyo, jambo ambalo ndugu wengi wakisimama pale mapokezi hawana. Madaktari hawahesabu tangu ulipomkuta mdomo umepinda. Wanahesabu tangu mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima. Kwa hesabu hiyo, CT ilipokwisha kulikuwa bado na saa 2 mkononi za kumpa dawa hiyo, na saa hizo ulizileta wewe.

Sasa, nani mkweli. Daktari wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ila neno "angeweza" limebeba masharti mengi aliyoyaruka kwa sababu alikuwa anakusemesha mlangoni. Niyafungue.

Dawa yenyewe inaitwa alteplasi. Kazi yake ni kuamsha kile kimeng'enya cha mwili kinachokatakata nyuzi zinazoshikilia donge la damu. Ilipata heshima yake mwaka 1995, uliposomwa utafiti wa Marekani wa watu 624 waliotibiwa ndani ya saa 3 tangu kiharusi kuanza. Waliopewa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa si chini ya asilimia 30, ya kufika mwezi wa 3 wakiwa na ulemavu mdogo sana au bila ulemavu. Mwaka 2008 utafiti mwingine ukasogeza mpaka hadi saa 4 na nusu. Kwa baba yako mlango ungefungwa saa 12 jioni.

Dawa hii ina ubaya wake, na ubaya huo ndio uliomtisha yule kijana. Katika utafiti wa 1995, watu 6 hivi katika kila 100 waliopewa alteplasi walivuja damu ndani ya ubongo kiasi cha kuzidiwa. Waliopewa maji matupu, hata mmoja katika 100 hakufika. Sasa chukua mgonjwa wa figo. Sumu zinazobaki mwilini zinazifanya chembe sahani, zile za kuziba tundu la mshipa, ziwe vivu. Mara 3 kwa wiki anapewa heparini ili damu isigande kwenye mashine. Presha yake ndiyo hiyo ya 210. Daktari wa zamu anaviona vyote vitatu kwa mpigo, na jibu linalomjia haraka ni "haruhusiwi". Simtetei, lakini najua hofu hiyo inatoka wapi.

Ila watu wengi, hata waganga, wanadhani kwamba figo zikikufa alteplasi itabaki mwilini na kujilundika kama dawa nyingine tulizozoea kuzipunguza dozi. Haijilundiki. Alteplasi inaondolewa na ini, na upesi sana: kila dakika 5 hivi iliyomo kwenye damu inapungua kwa nusu. Ndiyo maana inatolewa kwa saa nzima kwa pampu, sehemu moja ya kumi ikitangulia kwa dakika moja. Kipimo ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mwili, isizidi 90, na mgonjwa wa mashine hapunguziwi kwa sababu ya figo.

Na hapa wagonjwa wetu wanawashinda wengine wote. Mtu wa kawaida akiletwa na kiharusi, uzito wake unakisiwa kwa macho. Mgonjwa wa mashine anapanda mizani kabla na baada, mara 3 kwa wiki, na anaijua kilo yake mpaka nukta. Kama baba yako alitoka siku ile na kilo 60.0, dozi yake ni miligramu 54: 5.4 za kuanzia, 48.6 kwa saa nzima. Karatasi ya mizani iliyoko mfukoni mwake ina thamani kuliko makadirio ya profesa.

Nikiri kingine kinachonichekesha kidogo. Wagonjwa wenye katheta, yaani mrija wa mashine, shingoni au kifuani wengi wameshaonja alteplasi bila kuijua. Katheta ikiziba, katika vituo vingi tunaweka miligramu 2 za dawa hiyohiyo katika kila mrija, tunaiacha ikae humo, kisha tunaivuta nje. Hakuna anayesema "huyu ni wa figo, haruhusiwi". Kweli, miligramu 2 zinazokaa ndani ya mrija si sawa na 54 zinazozunguka mwilini, wala silinganishi hatari zake. Nasema tu kwamba dawa si ngeni katika wodi zetu.

Basi kizuizi cha kweli kilikuwa nini? Heparini. Hilo ndilo swali ambalo yule daktari alipaswa kuliuliza kabla ya kufunga mjadala: ya mwisho iliingia saa ngapi?

Tupige hesabu pamoja. Baba yako aliwekwa saa 1, akatolewa saa 5. Kwa mwenye fistula, kawaida pampu ya heparini tunaizima dakika 30 hadi 60 kabla ya mwisho, ili matundu ya sindano yasichuruzike. Tuseme ilizimwa saa 4. Kwa dozi za mashine heparini inapungua kwa nusu kila baada ya saa moja au moja na nusu. Chukua hiyo ndefu. Toka saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni alipotoka CT ni saa 6, yaani nusu mara 4. Imebaki sehemu moja katika 16. Hesabu ya kichwani haitoshi kumpa mtu dawa ya hatari, lakini inatosha kabisa kumfanya daktari achukue kichupa cha kifuniko cha buluu na kupeleka damu maabara kwa kipimo kinachoitwa APTT, kinachohesabu damu inachukua sekunde ngapi kuganda. Kikirudi cha kawaida, heparini imekwisha nguvu. Kikizidi sekunde 40, dawa haitolewi.

Haya si maoni ya nesi mzee. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani na Chama cha Kiharusi cha huko, wa 2018 na uliorekebishwa 2019, unasema wazi kwamba mgonjwa wa mashine mwenye APTT ya kawaida apewe alteplasi akitimiza masharti mengine, na kwamba ikiwa juu hatari ya kuvuja damu inaweza kuongezeka. Kuwa kwenye mashine peke yake hakumo katika orodha ya makatazo.

Kuna tahadhari moja inayosahaulika. Zipo heparini nyepesi, kama enoksaparini, ambazo baadhi ya vituo vinazitumia kwa sindano moja mwanzoni. Hizo zinategemea figo kutoka, kwa hiyo kwa mgonjwa wetu zinakaa muda mrefu zaidi, na APTT haizioni vizuri. Mtu anaweza kuwa na APTT safi huku dawa ingali inafanya kazi. Kwa hiyo ni lazima ijulikane ni heparini ya aina gani, siyo saa tu.

Nimesema "akitimiza masharti mengine". Turudi kwenye presha, mwanangu, kwa sababu hapa huenda yule daktari alikuwa na hoja ambayo hakuisema. Alteplasi haiingii mwilini mpaka presha ishuke chini ya 185 kwa 110, na ikishaingia inatakiwa isizidi 180 kwa 105 kwa saa 24. Kwa 210 kwa 118 baba yako asingeweza kupewa dakika ile. Kungetakiwa dawa ya kushusha ya mshipani, mtu wa kukaa naye akimpima, na subira ya dakika 20 au 40. Wengine presha inashuka. Wengine, hasa wa figo, inagoma mpaka saa zinaisha. Mimi sikuwepo na faili sijaliona, hivyo siwezi kukuapia kwamba angeipata. Ninachoweza kusema ni kwamba sababu mliyopewa haikuwa sababu.

Tena siwezi kukuapia kwamba angepona kama angeipata. Tafiti kubwa zilizoijenga dawa hii hazikuwa na wagonjwa wa mashine wa kutosha. Tunachokijua kuwahusu kinatokana zaidi na kumbukumbu za hospitali, nyingi za Marekani. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba kuvuja damu ubongoni hakukuwazidi sana wengine waliopewa dawa, ila vifo wodini vilikuwa vingi zaidi, na hawa ni watu wenye moyo uliochoka na mishipa iliyojaa chokaa hata kabla ya kiharusi. Dawa inaongeza nafasi. Wapo wanaoipata wakabaki na mkono kama wa baba yako.

Sasa nikusimulie langu, maana kwenye barua hizi msidhani naandika kutoka mbinguni. Miaka hiyo, kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi, nilimtoa mashine mzee mmoja saa 4 asubuhi, mcheshi, mtu wa kuhesabu kila mililita ya maji anayokunywa. Saa 6 simu ikalia kutoka idara ya dharura: mzee wako ana kiharusi, heparini ilizimwa saa ngapi? Nikafungua fomu yake. Nilikuwa nimeandika jumla ya yuniti kwa mwandiko mzuri kabisa, na kwenye kisanduku cha saa nilikuwa nimeweka alama ya vema. Alama ya vema! Nikasema, "Nadhani saa 3." Daktari akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, siwezi kutibu kwa nadhani." Alikuwa na haki. Wakasubiri maabara. Majibu yalichukua zaidi ya saa nzima kwa sababu kichupa cha kwanza damu ilichotwa kwenye dripu ikaganda. APTT iliporudi ilikuwa ya kawaida, na dawa akaipata zikiwa zimebaki dakika chache. Alipata nafuu ya mguu, mkono haukurudi sawasawa. Kama ningeandika saa, wangesubiri majibu hayohayo, nalijua hilo. Lakini wangesubiri huku dawa imeshakorogwa na presha imeshashushwa, badala ya kusubiri huku wanabishana kama inafaa kusubiri.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu anaondoka na kikaratasi kidogo: uzito wa kutoka, aina ya heparini, jumla yake, saa iliyozimwa, mkono wa fistula, na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda nyumbani. Wenzangu walinicheka wakakiita "pasi ya kusafiria". Mwombe nesi wa baba akuandikie, kila siku ya mashine. Ni kazi ya nusu dakika. Na ukifika dharura, kabla hujajibu swali lolote, mpe daktari kile kikaratasi na umwambie saa ya mwisho uliyomwona mzima.

Mkono wa kushoto usifungwe mkanda wa presha wala usichomwe sindano ya maabara, hata kama kwenye kiharusi wa kulia ndio uliolegea na kila mtu anakimbilia ulio mzima. Wakikimbilia wa fistula, wazuie. Mkono uliopooza unapimwa presha bila shida, na mguu pia upo.

SWALI: Mama, mimi ni mgonjwa mwenyewe, miezi 7 kwenye mashine. Mara mbili nimehisi mkono unakufa ganzi nikiwa kwenye kiti, nikanyamaza nisiwasumbue manesi. Ulipita. Kweli kiharusi kinaweza kunikuta palepale kwenye mashine? Na kikinikuta heparini imo, si ndiyo nimekwisha?
Mnyamavu wa kiti cha dirishani

JIBU: Baba Mnyamavu, tafadhali acha unyamavu huo. Ndiyo, kinaweza. Presha inapanda na kushuka, maji yanavutwa, moyo unakwenda mrama. Wapo wanaokipata kwenye kiti na wapo wanaokipata saa chache baada ya kushuka.

Hukusema ni mkono upi. Kama ni wa fistula, vidole vinakuwa baridi na vyeupe, ganzi inaanza mashine ikishika kasi na inaisha ukitolewa, huenda fistula inaiba damu inayopaswa kufika kiganjani. Hilo lina tiba yake na daktari wa upasuaji aione. Kama ni mkono wa pili, au ganzi imekuja pamoja na mguu wa upande huohuo, au ulimi umekuwa mzito, habari ni nyingine. Ila usijipime mwenyewe kitini. Sema.

Ukisema, hiki ndicho utakachokiona. Nesi ataangalia saa ya ukutani kwanza, na usikasirike kwamba hakukuangalia wewe. Atazima pampu ya heparini, atasimamisha uvutaji wa maji, atapima presha, atakutoboa kidole apime sukari. Sukari ikishuka chini ya 2.8 inaweza kuigiza kiharusi kitupu, mdomo upande na mkono chini, na glukosi ya mshipani inakurudisha ukiwa unauliza chakula. Nimeshaona zaidi ya mara moja. Presha ikiwa imeanguka nayo inaweza kukulegeza, hivyo utalazwa kichwa chini na kuongezewa maji. Atakwambia ucheke, uinue mikono miwili, useme sentensi. Kama dalili ziko palepale, damu yako inarudishwa na unapelekwa CT.

Sindano za fistula zinapotolewa siku kama hiyo, mtu abane kwa vidole viwili na asiondoke, maana ukipewa alteplasi baadaye matundu yale yatakumbuka kuvuja. Abane kwa kidole tu, siyo kuzungushia bandeji ya kukaza mkono mzima, fistula nayo isije ikaziba tukawa tumepata msiba wa pili.

Na hapana, hujakwisha. Ni kweli heparini ikiwa imeingia saa moja iliyopita APTT yako itakuwa juu na alteplasi haitawezekana. Kuna protamini, inayobatilisha heparini, lakini kuitumia ili tu mtu apate nafasi ya alteplasi si desturi, usiende kuidai. Iliyo na maana zaidi kwako ni njia ya kulivuta donge. Daktari anaingiza mrija kwenye mshipa wa kinena, anaupandisha mpaka kichwani, analinasa donge na kulitoa nje. Tafiti za 2015 ziliithibitisha kwa donge lililoziba mshipa mkubwa, ndani ya saa 6, na tangu 2018 wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu wanafanyiwa hata hadi saa 24. Heparini peke yake haiifungi njia hii. Haipo kila hospitali, na hilo linauma. Lakini iulizwe kwa jina lake: kuvuta donge kwa mrija.

Wakisita kwa sababu ya rangi inayodungwa kwenye picha, kwamba "itaharibu figo", waulize kwa upole, figo zipi? Nasema hivi kwa mzaha kidogo, kwa sababu mwenye mkojo uliobaki tunautunza. Lakini hakuna mkojo unaolingana na nusu ya ubongo.

SWALI: Sista, mimi ni nesi mpya wa mashine. Tumempokea mgonjwa wetu aliyepewa alteplasi jana kwa kiharusi, leo ni zamu yake ya kusafishwa. Daktari wa mishipa ya fahamu anasema tungoje, ndugu wanasema siku yake haivukwi. Nimekaa katikati.

JIBU: Karibu kwenye kazi, mdogo wangu. Katikati ndiko tunakoishi.

Hakikisha kwanza saa 24 zimepita tangu dawa na CT ya pili imefanyika. Kabla ya hapo hakuna heparini, hakuna aspirini. Halafu tazama potasiamu, mapafu na uzito. Kama potasiamu ni tulivu na anapumua bila kuhema, kungoja siku moja hakuui, na ndugu waelezwe hivyo kwa namba walizozoea kuzisikia, siyo kwa "daktari kasema".

Kama lazima asafishwe, asisafishwe kama kawaida. Bila heparini kabisa: suuza mfumo kwa maji ya chumvi kila dakika 15 hadi 30, usome shinikizo la upande wa vena usije ukapoteza chujio. Punguza kasi ya damu na ufupishe muda, hata ikibidi arudi kesho tena. Sababu ni kwamba urea ikishuka haraka kwenye damu kuliko ndani ya ubongo, maji yanaufuata ubongo, na ubongo uliojeruhiwa hauna nafasi ya kuvimba. Wakati huohuo usivute maji mengi, kwa sababu presha ikianguka ile sehemu iliyo pembeni ya jeraha, inayoweza bado kuokoka, inakosa damu. Pale penye mashine za kusafisha polepole mchana na usiku, huyo ndiye mgonjwa wake.

Kama ana katheta, zingatia mambo mawili. Ile heparini tunayoifungia ndani ya mirija baada ya kumtoa huvuja kidogo kuingia mwilini, kwa hiyo uliza mfungio mwingine, kama sitreti. Na mtu akitaka damu ya APTT, asichote kwenye katheta hiyo. Atapata jibu refu la heparini ya mrijani, na mgonjwa mwingine siku nyingine atanyimwa dawa kwa kosa la kichupa. Mwambie achome mshipa wa mkono.

Kaa naye mwenyewe. Kila nusu saa mwambie akubane vidole vyako viwili kwa mkono ule mbovu. Akianza kuumwa kichwa ghafla, kutapika, au akilala usingizi usioamshika, simamisha mashine na umwite daktari kabla hujamaliza kuandika.

SWALI: Mimi nasafishwa kwa tumbo, nyumbani, sina mashine wala heparini. Haya yote yananihusu?

JIBU: Kwa sehemu. Damu yako haina heparini ya mashine, kwa hiyo kikwazo kikubwa kwako hakipo. Vilivyobaki vinakupima kama wengine: presha, chembe sahani zisizopungua 100,000, na kama unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, basi INR, kipimo chake cha damu, isiyozidi 1.7. Kama kwenye mfuko uliwekewa heparini kwa sababu ya nyuzi nyeupe kwenye maji, mtajie daktari, ingawa hiyo hubaki tumboni kwa sehemu kubwa na mara chache hugusa APTT. Na kama kiharusi kimekukuta una maji tumboni, msipoteze dakika 30 kuyatoa kwanza. Funga kifuniko cha mrija, nenda nayo hivyohivyo, yanaweza kukaa saa kadhaa.